Begi Lisilo na Mwenyewe

Haya nimeyapata kwa Teófilo Yagual mwenyewe, mpelelezi, mwaka ule aliostaafu. Alikuja kwangu kuchukua suruali niliyompunguzia kiuno, mvua ya Machi ikamfungia, akakaa jikoni akinisaidia kuponda ndizi za kijani na jibini. Mvua ilipokatika alikuwa amenieleza yote. Machache nimejazia kwa Yuliana Pincay, maana tunasali kanisa moja.

Na huyo Yuliana ndiye aliyeanza. Alifika kituoni Alhamisi asubuhi, mtoto wake kambeba kiunoni, akaonyeshwa kiti akakataa kukaa.

"Afande, mimi sikuja kulia. Nimekuja kukupa kazi."

"Kazi ninazo, binti."

"Hii ndogo. Nitafutie mtu mmoja tu. Mwenye begi."

Yagual hakuuliza begi gani. Guayaquil nzima ilikuwa inalizungumza. Jumanne ile askari na wanajeshi walikuwa wamesimamisha basi la kwenda Durán, ng'ambo ya mto, kabla ya daraja. Ni ile misako isiyo na ratiba: leo basi hili, kesho lile, hakuna ajuaye. Wanaume wakaambiwa washuke, mikono kwenye ubavu wa basi, miguu mbali. Wanawake wakabaki vitini kama siku zote. Ila siku hiyo kulikuwa na askari wa kike, naye akapanda. Kwenye mapaja ya mama mmoja fundi cherehani, Eulogia Tomalá, akakuta begi. Ndani ya begi, bastola imeviringishwa ndani ya shati.

Mama Eulogia alisema begi si lake, kuna abiria aliyesimama kamwomba ampakatie. Ni nani kwetu hajafanya hivyo? Mwenye kiti hupakata mzigo wa aliyesimama, ndiyo adabu ya basi. Lakini wale wanaume walipoulizwa mmoja mmoja, hakuna aliyesema langu. Basi mama akachukuliwa yeye. Ijumaa angepandishwa kwa hakimu, na mwenye begi asipoonekana, angekwenda jela ya wanawake akazeekee huko.

"Mama mkwe wangu anashona magauni ya mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano," alisema Yuliana. "Mikono yake imejaa shanga. Bastola angeishika na mkono gani?"

"Mumeo anasemaje?"

"Hólger? Hólger hasemi. Habari zilimkuta kazini kwake, gereji, kule wanakopaka magari rangi. Tangu siku hiyo chakula chake nawamwagia kuku. Mama yake ndiye kila kitu, afande. Mimi mwenyewe niliolewa na wote wawili."

Yagual alicheka kidogo. Yuliana hakucheka.

"Utamtafuta?"

"Nitamtafuta."

"Mpaka umpate?"

"Mpaka nimpate."

"Ukimpata niite kabla hujamfungia. Nataka nimtemee mate."

Akaenda zake. Yagual akashuka mahabusu.

Alimkuta Mama Eulogia amekaa kwenye benchi, mgongo wima, anapinda upindo wa suruali ya mahabusu mwenzake. Sindano kaazimwa na askari wa zamu, jambo ambalo sheria hairuhusu.

"Mama, nieleze huyo kijana aliyekupa begi."

"Nilishaeleza."

"Eleza tena, mimi mzito wa kusikia."

"Mrefu. Maji ya kunde. Fulana ya buluu ya timu ya Emelec. Ana kovu juu ya jicho la kushoto na jino moja la dhahabu, huku, pembeni. Kucha amezikata vizuri."

"Yote hayo uliyaona mara moja?"

"Mimi fundi, afande. Mtu akisimama mbele yangu nampima."

"Kiuno chake inchi ngapi?"

Sindano ikasimama.

"Alisimama karibu mno," alisema, "kiuno sikukiona."

"Jino uliliona."

"Alikuwa anacheka."

Yagual akachuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Mama Eulogia, mkwe wako yuko juu anasema yeye hatalala mpaka utoke."

"Yuliana ni mtoto. Mwambie anyonyeshe, alale. Na wewe usijisumbue na jua hili. Mimi nimeshaishi. Humu wananiita bibi, nawapunguzia suruali, wananipa kitanda cha dirishani. Mwanamke mzee hawamgusi, si kama ile jela nyingine."

"Jela gani nyingine?"

"Sikusema jela." Akakata uzi kwa meno. "Ijumaa nitamwambia hakimu begi ni langu, mambo yaishe. Ulisikia? Ni langu."

Jana si lake, leo ni lake. Yagual akaliweka hilo kichwani, akatoka.

Katika wanaume waliopekuliwa Jumanne, aliyevaa buluu alikuwa mmoja tu, Washington Lindao, na huyo hakuhitaji kutafutwa. Kituo kizima kilinunua kaa kwake. Yagual alimkuta sokoni mtoni, mbele yake mafungu ya kaa hai waliofungwa kwa kamba, miguu inachezacheza.

"Lindao. Cheka."

"Nicheke nini, mkuu?"

"We cheka tu."

Lindao akacheka. Meno ya mbele hayakuwapo, ya dhahabu wala ya mfupa.

"Jumanne ulimpa mama mmoja begi akupakatie?"

"Begi?" Akageukia wenzake. "Jamani, afande anauliza kama nilikuwa na begi! Mkuu, mimi nilikuwa na hawa, mikono miwili yote. Hebu mpe mwanamke akupakatie kaa uone. Utafika Durán huna pua."

Soko likacheka. Yagual akangoja wamalize.

"Ulisimama upande gani wa basi?"

"Nisimame kwa nini? Saa ile basi la Durán linakwenda tupu, watu wote wanakuja huku. Mimi nimekaa dirishani, kaa wangu wamekaa kiti cha pili kama wachumba. Dereva akataka na wao walipe nauli."

"Hakuna mtu yeyote aliyesimama?"

"Labda awe na jipu."

Yagual hakucheka. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Yule mama alikaa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Na nani?"

Hapo Lindao naye akaacha mzaha. Alikuwa mtu wa soko, alijua swali linapoanza kunuka. "Sikugeuka, mkuu. Nilisikia sauti tu. Alikuwa anamgombeza mtu, polepole. 'Funga kifungo hicho, upepo wa mtoni utakuingia kifuani.' Hivyo. Mimi nikamkumbuka mama yangu, nikafunga changu."

Yagual alinunua fungu moja la kaa ambalo hakulihitaji, akarudi kituoni nalo likining'inia, akamtafuta yule askari wa kike. Aliitwa Nataly Caiza, mtu wa milimani, mashavu mekundu, bado jua la pwani linamwonea. Wenzake walikuwa hawajaacha kumtania. Meza yake walikuwa wameibandika karatasi: Mpekua Mabibi.

"Keti, Caiza. Nani alikutuma upande kwenye basi Jumanne?"

"Hakuna, Sajini. Nilikuwa nimefika Jumatatu. Kwetu tunapekua wote. Nikaona wanaume wanashushwa, wanawake wanabaki na mizigo mapajani, nikasema nipande. Mbona wanawake walinizomea! 'Tangu lini?' 'Huyu mlima umemshusha leo?' Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huku wanawake hawaguswi."

"Hakuna aliyekuambia kwa sababu kila mtu anajua." Yagual akavuta kiti. "Mimi ni wa hapa. Filimbi ya askari ikilia, kitu cha mwanamume kinahamia kwa mwanamke. Simu, kisu, chochote. Mke hupokea. Dada hupokea. Lakini mwanamke asiye wako, umjuaye kwa sura tu, hapokei begi asilojua ndani lina nini, wakati askari wako mlangoni. Hilo pia kila mtu anajua."

Caiza akaibandua ile karatasi mezani.

"Ulipofungua begi, mama alitazama nini?"

"Si bastola. Wala si mimi. Alitazama nje, kwenye foleni ya wanaume, yule wa karibu na gurudumu la nyuma. Nilidhani anaomba msaada. Alikuwa anafanya hivi." Akatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia.

"Na yule mwanamume?"

"Alikuwa ameegemea basi kama wenzake. Nakumbuka vidole tu, Sajini. Vilikuwa na rangi ya fedha hadi kwenye kucha. Walimpekua wakamwachia. Hakuwa na kitu."

Yagual akaenda chumba cha vielelezo, akaomba lile shati. Shati la kazi, la kijivu, limepigwa pasi ingawa lilikwenda kuviringishia bastola. Kwenye kiwiko lilikuwa na kiraka, mishono yake midogo kama ya gauni la harusi. Akalileta puani. Thina, ile ya kuyeyushia rangi ya magari. Akalirudisha, akatia sahihi, akanawa mikono, na harufu haikumtoka.

Gereji ilikuwa kusini mwa mji, geti la bati lenye tundu moja la risasi lililozibwa kwa gundi. Hólger Borbor alikuwa anapiga msasa mlango wa teksi. Alipomwona Yagual hakuuliza wewe nani. Alizima mashine, akavua barakoa.

"Ni mimi," alisema.

"Sijakuuliza kitu."

"Najua. Nimechoka kungoja uulize. Kila asubuhi nafika mpaka langoni kwenu, narudi."

Yagual akakaa juu ya ndoo ya rangi. "Bastola ya nini?"

"Hilo tundu la geti umeliona? Wale wanaodai chanjo." Hivyo ndivyo watu wetu wanavyoyaita, malipo ya kuachwa uishi. "Walipiga risasi nikiwa hapa hapa nilipo. Nikanunua kwa mtu. Nikaificha chini ya godoro. Mama akaja kubadilisha shuka."

"Akasemaje?"

"Akasema mtoto ameanza kutambaa. Akasema yeye hakai nyumba moja na kitu hicho, nichague. Nikasema basi nitaitupa mtoni. Akasema upande huu ukingo wote una walinzi, twende gati la Durán, na yeye anasindikiza. Mwanamume peke yake na begi wanamshuku, akiwa na mama yake hawamshuku." Akafuta vidole kwa tambara, rangi haikutoka. "Tulikuwa tunakwenda kuitupa, afande. Tungevuka daraja tu."

"Filimbi ilipolia ukampa begi."

"Alilichukua mwenyewe. Aliniambia, shuka, mimi hawanigusi."

"Na ulipomwona yule askari wa kike kapanda?"

"Nilifungua mdomo. Akanitikisia kichwa. Nikafunga mdomo. Mwanamume mzima, mwenye mtoto. Nikafunga."

Teksi ile ilikuwa inadondosha vumbi la msasa.

"Kesho atakiri ni lake," alisema Yagual. "Kaniambia."

"Nitasema mimi. Leo."

"Unajua unakokwenda?"

"Jirani yetu alipelekwa jela hiyo ya wanaume. Wafungwa walipopigana, mama yake alimtambua kwa soksi." Akaning'iniza barakoa kwenye msumari. "Mama alishona ile sanda. Ndiyo maana anakataa. Si kwamba ananipenda kijinga, afande. Aliuona ule mwili."

"Sitakufunga pingu. Nawa, uvae shati."

Hólger alinawa muda mrefu. Alipomaliza akauliza, "Yuliana anajua?"

"Yuliana ndiye aliyenituma nikutafute."

Kijana akaegemea ile teksi kwa mikono miwili, kama alivyoegemea basi.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke mwenye miwani, na feni ofisini kwake ilikuwa inapeperusha karatasi zote. Mama Eulogia aliletwa. Alipoingia akamwona mwanawe amekaa pale, hakusimama, hakushtuka. Akapita, akakaa kiti cha mwisho.

"Mama Eulogia, kijana huyu anasema begi ni lake."

"Kijana gani?"

"Huyu."

Akamtazama kuanzia viatu. "Simjui."

"Mama," alisema Hólger.

"Usiniite mama. Una mama yako. Nenda kwa mama yako, nina hakika anakungoja na chakula." Akamgeukia mwendesha mashtaka. "Binti yangu, vijana wengine akili zinawaruka kwa jua. Begi ni langu. Bastola ni yangu. Shati ni langu, mimi ndiye nililipiga pasi. Muulize huyo kama anajua shati lilipasuka wapi."

"Kiwiko cha kulia," alisema Hólger. "Uliniambia nisilitupe."

"Simjui."

Mwendesha mashtaka hakubishana. Alinyoosha mkono, Hólger akampa kitambulisho, akakisoma kwa sauti. Kwetu mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba mbele, la mama nyuma. "Hólger Efraín Borbor Tomalá," alisoma. Halafu akavua miwani. "Mama, jina lako liko hapa."

Mama Eulogia aliangalia ile kadi. Akainyooshea mkono, akapewa, akaipitishia kidole juu ya jina la mwisho, kana kwamba anatafuta uzi wa kufumua.

"Akina Tomalá wako wengi," alisema. Lakini sauti haikufika mwisho.

Mwendesha mashtaka akamgeukia Yagual. "Sajini, wewe umepeleleza. Unasema nini?"

Yagual akasema. Viti vitupu vya basi, kifungo cha kifua, vidole vya fedha, thina, kiraka. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Alipomaliza hakukuwa na la kuongeza, na kijana akapitishwa mlango wa ndani. Mama yake alisimama kumfungia kifungo cha juu. Askari alisema hairuhusiwi kugusana. Akamfungia tu.

Mama Eulogia akaachiwa, na Yagual alimpeleka nyumbani yeye mwenyewe, kwa gari la kituo, mchana, jua kali. Yuliana aliwaona tangu barabarani, akatoka mbio na mtoto, akamkumbatia mkwewe, akamkumbatia na Yagual.

"Umempata! Mungu akupe maisha, afande, umempata! Ni nani, huyo mshenzi? Yuko wapi? Si nilikwambia uniite?" Akageukia ndani, akageuka tena. "Ngoja Hólger ajue! Nimpigie simu? Leo atakula, leo nimemkaangia samaki, nimewachoka hawa kuku..."

Aliendelea kidogo, halafu akapunguza, kama mashine iliyozimwa ikizunguka kwa mazoea. Akamtazama mama mkwe. Akamtazama Yagual.

"Afande," alisema. "Ni nani?"

Mama Eulogia ndiye aliyesema. Alisema jina la kwanza tu.

Yagual aliniambia alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Yuliana alimkabidhi mtoto kwa bibi yake, akaingia ndani, wakasikia kabati linafunguliwa. Akatoka na mfuko: shati safi, taulo, sabuni, samaki kwenye bakuli lenye mfuniko. Alikuwa ameshawakaanga asubuhi.

"Watamhamisha saa ngapi?"

"Jioni."

"Nitamuwahi." Akavaa viatu akiwa amesimama. Mlangoni akamvuta Yagual mkono wa shati. "Wewe kaa hapa. Usimwache peke yake mpaka alale. Umesikia? Umeniletea mmoja ukanichukulia mmoja. Huyu nikimkuta amejidhuru, nitakujia wewe."

"Nitakaa."

Akaondoka kwa miguu kwenda kituo cha mabasi, mfuko kaukumbatia.

Mama Eulogia alikuwa amejilaza kwenye bembea ya kulalia, kule kivulini nyuma ya nyumba, mtoto kifuani. Yagual akavuta kigoda. Mtaa wote ulikuwa umefunga milango kwa joto. Kulikuwa na redio mahali, mbali, ikitangaza mpira.

"Una watoto, afande?"

"Mmoja. Yuko Uhispania."

"Angekuwa yeye, ungesema vile ulivyosema leo?"

Yagual alitazama mikono yake.

"Usijibu," alisema mama. "Ulimwahidi Yuliana, ukatimiza. Wewe si mtu mbaya. Ila mimi nilikuwa nimeshapata pa kumficha, pazuri, nyuma yangu, na wewe ukapekua mpaka huko."

"Alitaka kusema mwenyewe, mama. Alikuwa ameshachoka."

"Najua. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, hawezi kubeba kitu." Mtoto akajinyoosha, akamweka sawa. "Sukuma kidogo. Upande huo kamba inakwama."

Yagual akasukuma kwa mguu, taratibu. Bembea ikaenda, ikarudi. Alisukuma mpaka redio ikanyamaza, na mtoto akalegea, kiganja wazi. Mama Eulogia alikuwa amefumba macho, lakini pumzi ilikuwa bado ya mtu aliye macho, kwa hiyo hakuacha kusukuma.

"Hólger," mama aliita mara moja, si kwa nguvu, kama anavyoita mzazi asubuhi kumwamsha mtu aende kazini asichelewe. Akasikiliza.

Halafu akageuza uso upande wa mtoto, na akalala.